Majani Yenye Matundu

Pale kwenye taasisi hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa maabara, wote walimwita Bwana Majani, naye aliitika kwa furaha kama mtu aliyepewa cheo. Nyumba ya kioo aliyoitunza ilikuwa nyuma ya maabara, ndefu, yenye mlango mmoja wa bati na sakafu ya saruji iliyopigwa deki mpaka ukaona haya kuikanyaga. Humo ndani jani lenye doa halikuwa na maisha marefu. Kila asubuhi, kabla hata hajaonja chai, Bwana Majani alipita na kitambaa kibichi akipangusa jani moja moja, akigeuza upande wa chini kutafuta mayai ya wadudu, akiminya viwavi kwa kucha za vidole gumba, huku akiwanong'oneza maneno ambayo mkewe alisema hayafai kurudiwa mbele za watu.

Binti yake alikulia humo. Alijifunza kutembea akishikilia kingo za meza za miche, na usingizi wa mchana aliulala juu ya magunia matupu. Sasa alikuwa mtafiti, mdogo kuliko wote katika maabara, na kutoka kwenye meza yake ya kazi aliweza kumwona baba yake ng'ambo ya ua, nyuma ya vioo, ameinamia mimea kama mtu anayesikiliza siri. Wenzake walimtania kwamba ni yeye peke yake anayesimamiwa na mzazi kazini. Alicheka nao. Moyoni aliona fahari, na hakuona sababu ya kuificha.

Kazi yake ilihusu kichaka kimoja kichungu kilichojiotea kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya mji. Watu wa jirani walikiita Mkali, na hata mbuzi walikipita kando. Alikikuta siku alipokwenda kule na wenzake kukusanya mimea ya kupima, akachuma mfuko mmoja wa majani bila matumaini makubwa. Akayaanika kivulini, akayasaga, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, kisha akaivukiza spiriti ile hadi ukabaki mchujo mzito wa kijani kibichi kama lami. Tone la mchujo huo alilitia kwenye kipande kidogo cha karatasi, akakiweka katikati ya kisahani kilichopandwa bakteria wa vidonda, wale sugu ambao dawa za hospitali zimeanza kuwashindwa. Aliwafahamu vizuri bakteria hao. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kufanya mazoezi ya kazi katika wodi moja, akaona mguu wa mtu ukikataa kupona huku dawa zikibadilishwa kama nguo.

Asubuhi iliyofuata, kuzunguka kile kikaratasi palikuwa na duara safi, pana, lisilo na bakteria hata mmoja. Mkuu wa maabara, mama mmoja mrefu ambaye tabasamu lake lilikuwa adimu kama likizo, alikiinua kisahani kwenye mwanga, akakizungusha, akakirudisha mezani.

"Vizuri," alisema. "Sasa nionyeshe tena."

Ili kuonyesha tena yalihitajika majani mengi, na machimboni vichaka vyenyewe vilikuwa vichache. Basi akakata vipandikizi na kumpelekea baba yake. Bwana Majani alivipokea kwa mikono miwili. Aliviandalia udongo aliouchekecha mwenyewe, akavipa meza mbili nzima, safu ya mbele mlangoni na safu ya nyuma ukutani, na vilipoanza kuchipua hakuna mgeni aliyeruhusiwa kupita bila kusimamishwa. Aliwaambia wote kwamba hii ndiyo dawa ya binti yake. Alimwambia mlinzi. Alimwambia muuza magazeti. Jirani yao alipokuja kuchukua gauni lake alilomshonea mama, alielezwa habari za bakteria mpaka akasahau gauni.

"Baba, bado siyo dawa," binti alimnong'oneza mara nyingi. "Ni duara kwenye kisahani tu."

"Hata wewe ulianza ukiwa kidogo tu," baba alijibu, na hapo mjadala ukaisha.

Na vichaka vilipendeza, hilo lazima lisemwe. Kule machimboni Mkali ulikuwa mmea wa kujikunyata, majani yake madogo, magumu, yamejaa matundu. Katika mikono ya Bwana Majani ulinyooka, ukatanuka, ukatoa majani mapana yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Siku ya kuvuna, baba na binti walikaa pamoja na kuchambua. Jani lililokwaruzwa lilitupwa. Jani lenye kidoa lilitupwa. Mwishowe walibaki na majani mazuri ambayo ungeweza kuyaweka kwenye fremu ukayatundika sebuleni.

Mchujo wa majani hayo haukufanya kitu. Bakteria walikua mpaka kwenye ukingo wa kikaratasi, wakakizunguka bila wasiwasi, kama watu waliojipumzisha kando ya bwawa.

Alirudia. Alibadilisha spiriti, akakagua mizani, akaosha vyombo kwa mikono yake badala ya kuiamini mashine. Hakuna kitu. Akarudia tena, na kila kisahani kilipotoka kwenye kabati la joto la kuoteshea bakteria, moyo wake ulishuka hatua nyingine. Mwenzake wa meza ya pili, kijana mpole aliyependa kusema ukweli hata pasipohitajika, alimuuliza kama ana hakika kwamba mara ya kwanza hakumwaga spiriti juu ya kikaratasi, maana spiriti nayo inaua. Aliuliza kwa nia njema, lakini usemi huo ulitembea. Kabla ya wiki kwisha aliusikia umerudi kwake kupitia mdomo wa mtu mwingine, na safari hii haukuwa swali.

Mkuu akamwita ofisini na kumkaribisha kiti. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kukaribisha watu viti. Alimweleza kwamba jopo la wakaguzi linakuja kuamua ni tafiti zipi ziendelee na zipi zifungwe. Matokeo yaliyoonekana mara moja tu hawezi kuyaweka mbele yao. Kama duara halitarudi kabla hawajafika, kazi ya Mkali itafungwa, na yeye Mkuu atalazimika kuandika kwamba matokeo ya kwanza yalikuwa makosa ya mpimaji.

"Mpimaji ni mimi," binti alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana nimekuita nikwambie mwenyewe."

Alitoka pale akitembea kwa kujikaza. Kufungwa kwa kazi kulimuuma, lakini kilichomchoma zaidi ni lile neno, makosa. Duara lile alikuwa ameliona kwa macho yake. Alijua kwamba hakumwaga kitu. Jina lake lilikuwa bado changa katika kazi hii, jeupe kama koti jipya, na doa la kwanza lilikuwa limeshapangiwa siku.

Jioni hiyo binti alikichezea chakula chake tu. Baba alikuwa amechangamka, anamsimulia mama jinsi mgeni fulani alivyosema hajawahi kuona mimea yenye afya namna ile.

"Basi umevimba," mama alisema, huku akitoa pini mdomoni na kuzichomeka kwenye kola ya shati alilokuwa akilimalizia. "Kesho utashindwa kupita mlangoni, tukuvunjie ukuta."

"Wacha nivimbe. Dawa ya binti yangu imetoka mikononi mwangu. Ni wazazi wangapi wana bahati hiyo?" Kisha akamgeukia binti yake. "Daktari, lini unanipeleka nikaone hilo duara?"

"Bado kidogo, baba," alijibu, akainamia sahani. Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akarudi kwenye kola yake.

Siku ya mapumziko aliondoka peke yake kwenda machimboni. Alitaka kuchuma tena majani ya pale pale, walau ajue kama wazimu ni wake au ni wa mmea. Jua lilikuwa kali, mawe yanaunguza viatu. Alichuchumaa mbele ya kichaka cha kwanza, akanyoosha mkono kuchagua jani zuri, kama alivyozoea.

Hakuliona hata moja. Kila jani lilikuwa limeumwa. Mengine yalikuwa na matundu madogo kama chujio, mengine yamekatwa kingo kama stempu, na kwenye tawi la chini kiwavi wa milia alikuwa kazini, anatafuna kwa utaratibu, bila kumjali mtu. Alikumbuka kwamba mara ile ya kwanza alichuma hayo hayo, kwa sababu hayakuwapo mengine. Akavunja jani moja lenye matundu na kulisugua kati ya vidole. Harufu ilimpanda puani kama pilipili, macho yakamtoka machozi. Alijaribu kukumbuka harufu ya majani ya baba yake siku ya kuchambua. Yalinukia majani tu. Yalinukia usafi.

Hapo akakaa chini juu ya jiwe la moto bila kuhisi moto wake.

Alikuwa amelisoma jambo hili darasani, akalifanyia mtihani, akafaulu, kisha akalisahau kama watu wanavyosahau vitu walivyofaulu. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kumzaba mdudu kofi. Ukiumwa, hupika. Hutengeneza sumu ndani ya majani yake, ukali na uchungu wa kuukinga dhidi ya meno na dhidi ya vijidudu vinavyopenya kwenye jeraha. Kupika huko kuna gharama, maana nguvu hiyo ingeweza kuwa jani jipya au shina refu. Mmea usiosumbuliwa na mdudu hauna sababu ya kuwasha jiko. Na mimea ya Bwana Majani haikuwahi kusumbuliwa hata siku moja tangu ilipotia mizizi. Na kama kulikuwa na jani lililoponyoka likaumwa, wao wawili walilitafuta kwa bidii na kulitupa.

Furaha ilimjaa kifuani. Ikadumu mpaka alipofika barabarani, ndipo alipoanza kufikiri namna ya kumwambia baba.

Kwa maana haikutosha kuchuma majani ya machimboni na kupata duara. Wakaguzi wangesema ni udongo, au ni jua. Ilibidi ichukuliwe mimea ile ile, iliyoota kwenye udongo ule ule na kunyweshwa maji yale yale, nusu iumwe na nusu isiumwe. Mimea hiyo ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na kuipanda upya kungechukua muda ambao hakuwa nao. Alitakiwa kwenda kumwambia mtu aliyewinda viwavi maisha yake yote kwamba awafungulie mlango. Na kwanza alitakiwa kumwambia kwamba mimea yake mizuri, ile aliyomtangazia kila mpita njia, ilikuwa mitupu.

Alijaribu asubuhi, akaishia kumsaidia kubeba ndoo. Alijaribu mchana, akamkuta na wageni. Jioni alikaa kwenye ngazi za nyuma akijifanya anasoma, mama akaja akakaa kando yake na sindano yake na nguo yake, akashona kimya mpaka binti mwenyewe akaanza kusema. Alisema yote. Mwishoni aliongeza kwamba labda aache tu, aandikwe makosa, bado ni kijana, atapata kazi nyingine ya kufanya. Baba je? Baba ana nyumba ya kioo tu.

Mama alikata uzi kwa meno.

"Unamhurumia kama mgonjwa," alisema. "Baba yako siyo yai. Mimi nimeishi naye, nimemwambia mashati aliyonunua ni mabaya, na bado yuko hai. Nenda kamwambie yeye, kabla hajaambiwa na mwingine. Hilo ndilo litakalomuua."

Alimkuta anafunga mabomba. Akamweleza akiwa amesimama, haraka, macho yake yakiwa kwenye safu ya mbele ambako mwanga wa mwisho wa jioni ulikuwa umekaa juu ya majani. Hakupunguza kitu. Alimweleza habari za visahani visivyo na duara alivyokuwa akimficha, usemi wa spiriti, Mkuu na kiti, jopo linalokuja, na kiwavi wa milia.

Bwana Majani alikausha mikono yake kwenye suruali, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo nimeilea vibaya," alisema.

"Umeilea vizuri mno, baba. Haijui shida hata moja."

"Na wewe ulikuwa unajua, nami naendelea kuwasimulia watu."

Baba alichukua kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akaanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema kwamba alipoanza kazi hapa, nyumba hii ilikuwa ghala la vyungu vilivyopasuka. Alisema amewaminya wadudu kwa kucha hizi kabla binti yake hajazaliwa, na sasa mtoto wake wa kumzaa anamtaka awatandikie mkeka na kuwakaribisha mezani. Akachukua kofia yake na kutoka. Binti alibaki peke yake kati ya mimea, akasikia hatua za baba zikivuka ua, zikipita geti, zikipotea.

Nyumbani usiku huo hakuna aliyetania. Alfajiri, binti alipoamka, baba alikuwa ameshaondoka.

Alimkuta kwenye nyumba ya kioo. Alikuwa ameshatundika chandarua kikubwa katikati, kutoka darini hadi sakafuni, kilichotenganisha meza mbili za Mkali, na kingo zake alikuwa akizikandamiza chini kwa matofali. Alifanya kazi bila kugeuka. Binti alisema, kwa uangalifu wa mtu anayekanyaga sakafu mbichi, kwamba safu ya nyuma ingefaa kuumwa, kule ukutani ambako hakuna anayeona.

"Safu ya nyuma inakosa jua la asubuhi," baba alisema. "Ni dhaifu. Kama ni vita, wape ya mbele."

"Ya mbele ndiyo wageni wanayoiona wakiingia."

"Najua wanachokiona wageni. Kalete hao wadudu wako kabla sijabadili nia."

Aliwaleta kwenye sanduku la viatu lililotobolewa matundu. Mwenzake wa meza ya pili alikubali kufuatana naye kuwakamata, labda kwa kujuta, na alipiga kelele kila kiwavi alipomtambaa mkononi. Bwana Majani alilipokea sanduku lile kama anapokea wito wa mahakamani. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama kiwavi wa kwanza akipanda jani lililong'aa, akitafuta ukingo, akiuma.

Alifumba macho. Kisha akayafumbua, akaangalia mpaka mwisho.

Siku zilizofuata zilimtesa. Binti alimwona kutoka dirishani akisogea karibu na chandarua, mkono ukinyooka wenyewe kwenda kumwondoa kiwavi, kisha mkono mwingine ukiukamata na kuurudisha mfukoni. Safu ya mbele ikaanza kuonekana kama nguo iliyoliwa na nondo. Mlinzi wa getini alichungulia na kumwuliza Bwana Majani kama ni mgonjwa. Muuza magazeti alimpa pole. Yeye alijibu kwamba ni kazi, akageuza mazungumzo. Habari za dawa hakuzitaja tena kwa mtu yeyote, na kimya hicho kilimuumiza binti kuliko kelele zake za zamani.

Ndipo Mkuu mwenyewe akapita, akielekea stoo, akasimama mlangoni. Binti alikuwa ndani, nyuma ya chandarua, anapima majani, na hakuonekana. Alimsikia Mkuu akivuta pumzi.

"Bwana Majani. Nini hiki? Jopo linakuja, na mlangoni umeniwekea hivi?"

"Ni agizo la mtafiti, mama."

"Mtafiti gani anayeagiza mimea iliwe?"

Binti alisikia sauti ya baba yake, ile sauti yake ya wageni, iliyonyooka, ambayo hakuwa ameisikia kwa muda.

"Wangu," Bwana Majani alisema. "Na kama amesema iliwe, italiwa mpaka jani la mwisho. Ukitaka kujua sababu muulize yeye, anaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilikasirika kwanza, ndiyo maana nilichelewa kuelewa."

Binti alitoka nyuma ya chandarua akiwa na jani mkononi na machozi machoni, na kwa bahati aliweza kuyasingizia majani, maana nyumba nzima sasa ilinuka ukali. Alimweleza Mkuu pale pale, wamesimama. Mkuu alisikiliza. Akasugua jani kati ya vidole, akanusa, akapiga chafya, akaomba msamaha. Kisha akasema maneno yale yale aliyoyasema mwanzo, kwamba aonyeshwe, ila sasa aliyasema taratibu, kama mtu anayetamani kuonyeshwa.

Safari hii walichuma kila safu kwa mfuko wake, bila kuchambua. Yalianikwa rafu moja, yakasagwa, yakachujwa. Alimwomba yule kijana wa meza ya pili atie matone badala yake, bila kuambiwa lipi limetoka wapi, ili asije mtu akataja tena spiriti. Kijana alizisoma namba zilizobandikwa kwenye chupa, akatia, akafunga kabati la joto, na ufunguo akampelekea Mkuu.

Asubuhi yake binti alivuka ua na kwenda kumchukua baba.

Bwana Majani hakuwahi kuingia ndani ya maabara. Kwa miaka yote hiyo aliishia mlangoni, akikabidhi miche na kugeuka. Walimvalisha koti jeupe lililombana mabegani, naye akatembea ameinua mikono kidogo, asije akagusa kitu. Mkuu alifungua kabati. Kijana wa meza ya pili aliviweka visahani viwili kwenye meza yenye taa, akasoma namba, na Mkuu akazilinganisha na zile za mifuko.

Kwenye kisahani cha safu ya nyuma bakteria walikuwa wamejaa mpaka katikati, weupe kama maziwa yaliyoganda. Kwenye kisahani cha safu ya mbele palikuwa na duara. Lilikuwa safi, la mviringo kamili, pana kuliko lile la kwanza.

Kijana wa meza ya pili ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia binti kwamba ile habari ya spiriti ataifuta kwa kila mtu aliyemwambia, hata kama itambidi azunguke jengo zima. Mkuu alivipiga picha visahani vyote viwili, kisha akavipiga tena.

Bwana Majani aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hapa katikati ndipo palipo na majani yangu?"

"Ndiyo, baba. Majani yako."

"Na hawa wote wameshindwa kusogea?"

"Wameshindwa. Kwenye kisahani, lakini. Ndani ya mwili wa mtu ni habari nyingine. Lazima tujue ni kemikali ipi hasa kati ya nyingi zilizomo, na kama haimdhuru mtu mwenyewe. Inaweza kuchukua miaka. Inaweza hata isifike popote." Alisita, kisha akayamalizia aliyokuwa nayo moyoni. "Lakini ipo, baba. Hatukuiota."

Baba alinyooka. Koti lilitoa mlio mahali fulani mgongoni, na kila mtu alijifanya hakusikia. Alimtazama binti yake kama alivyozoea kuitazama mimea yake, kwa makini, kutoka juu mpaka chini, akitafuta doa. Hakulipata. Akamshika bega, akalibana, akasema kwamba anarudi kazini, maana kuna chandarua kimelegea upande mmoja. Lakini mlangoni alisimama, akageuka, akatazama visahani tena.

Jopo lilipokuja lilielekezwa kwanza maabara, kisha nyumba ya kioo. Mkaguzi mmoja, bwana mnene mwenye miwani, alivutwa na safu ya nyuma, akaisifu. Bwana Majani alimshukuru kwa adabu, akamwambia hiyo ni mizuri lakini bado haijajifunza kazi, akampeleka mbele ya vichaka vilivyotobolewa. Pale alieleza, kwa maneno yake, jinsi mmea unavyokaa tu mpaka uchokozwe. Alisema na yale ya kisahani na ya miaka, hakuruka hata moja. Binti alikuwa amejiandaa kusahihisha. Hakukuwa na cha kusahihisha, basi akasimama nyuma ya wakaguzi na kumsikiliza, shingo imenyooka, kama mama mwenye mtoto anayekariri vizuri jukwaani. Kazi ya Mkali ikaruhusiwa kuendelea.

Sasa maswali yalikuwa mengi. Mmea uumwe kiasi gani, kwa muda gani, na mdudu yupi? Mkuu aliagiza itengwe meza nyingine, na baba na binti wakarudi machimboni pamoja, kila mmoja na sanduku lake. Baba alichuchumaa kwenye mawe, akakunja mikono ya shati, akaanza kukagua viwavi kwa umakini ule ule alioutumia maisha yake yote kukagua majani. Mmoja alimweka kiganjani, akamsogezea kipande cha jani mbele ya kichwa, akamsubiri. Kiwavi alikaa tu.

"Huyu mvivu," Bwana Majani alisema, akamrudisha kwenye tawi lake. "Kwangu haingii. Nipe yule wa milia."